Mshahara wa Mwisho wa Atupele

Asubuhi ile ya Alhamisi ukungu ulikuwa bado umeufunika kama koti mji wa Tukuyu, ambao hunyeshewa karibu mwaka mzima, na benchi la Bi Suad, lililoegemea ukuta wa duka la vitenge karibu na stendi, lilikuwa tayari na wenyewe watatu. Kuna Mzee Jairo, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, anayeitwa Katiba kwa sababu hakuna jambo duniani asilolitafutia kifungu. Kuna Godwin, muuza dawa za mimea na mifugo, anayeitwa Dokta ingawa hajawahi kuponya hata kuku. Na kuna Hasheem, fundi simu, anayeitwa Satelaiti, maana habari za Rungwe nzima humfikia yeye kwanza, nyingine kabla hazijatokea. Bi Suad mwenyewe, ambaye babu yake alipanda milima hii kutoka Kilwa kuja kuuza chumvi na hakuteremka tena, hakai kwenye benchi. Anakaa kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, na kutoka pale anasikia kila kitu na kusema kidogo. Siku hiyo alisema kidogo kuliko kawaida. Mikono yake ilikuwa ndani ya ndoo ya maji baridi, akiosha vikombe, kazi ambayo, kabla ya wiki hizi tatu, hakuwa ameigusa kwa miaka kumi na moja.

— Bi Suad, kahawa ya leo inatoka Brazili? aliuliza Katiba. Tangu saa moja nimekaa hapa kama shahidi asiyeitwa.

— Kahawa iko tayari, Mzee Jairo. Vikombe ndivyo bado.

— Na leo tena Atupele yuko wapi?

Bi Suad akasugua kikombe kilichokwisha kutakata.

— Hajaja.

— Hii wiki ya tatu hajaja! alidakia Dokta. Jana nimefagia mbele ya duka langu kwa mikono yangu mwenyewe. Mgongo huu mnaouona umelala chali usiku kucha.

— Mimi gazeti silipati, alisema Katiba. Nalazimika kwenda kulichukua stendi, na nikifika kule nakuta limekwisha.

Satelaiti alikuwa anacheka peke yake, kile kicheko cha mtu aliyebeba habari na anasubiri aombwe. Hakuombwa. Akaitoa tu.

— Mnatafuta mtu ambaye ana kazi yake, wazee wangu. Atupele ameajiriwa.

— Ameajiriwa na nani?

— Ghala la parachichi, kule Kyimo. Juzi nimeenda kumfungia meneja king'amuzi. Namkuta dada yetu amevaa aproni ya kijani, kofia ya wavu, gambuti nyeupe. Anachambua maparachichi. Nikamwita, "Oya, Atu!" Hakugeuka. Yuko bize.

— Atupele? Bize? Katiba alivua miwani. Hasheem, hiyo ni kamba.

— Naapa, mzee wangu.

Bi Suad hakuinua uso. Yeye alijua. Kwa miezi miwili alikuwa amejua kwamba Atupele anatafutiwa kazi, na alikuwa amekaa kimya, kwa sababu ambayo hakupenda kuitazama sana.

Atupele alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mji mzima ulimwita mtoto. Shule ya msingi aliikimbia, au shule ndiyo iliyomkimbia: alirudia darasa la pili mara tatu, mwalimu akamwambia mama yake mdogo asijisumbue tena na sare. Herufi hazikukaa kichwani mwake, na maneno mengi kwa mpigo yalimchanganya. Akiwa na miaka kumi na minane alipita mbele ya benchi hili, akaona vikombe vichafu, akachuchumaa akaviosha. Kesho yake akarudi. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza.

Bi Suad alimimina kahawa, na maneno yakamiminika nayo.

— Mimi nitawaambia hii ni nini, alisema Dokta. Hii ni picha tu. Wanunuzi wa Ulaya siku hizi hawanunui parachichi peke yake, wananunua na roho nzuri. Wanataka picha ya mtu kama Atupele akicheka, parachichi mkononi. Picha ikishapigwa, kwaheri, rudi ukafagie.

— Wiki tatu wanapiga picha moja? aliuliza Bi Suad.

— Labda amefumba macho, Bi Suad. Inabidi warudie.

Katiba akakohoa kikohozi chake cha mahakamani.

— Tuanzie kwenye sheria. Mkataba unataka pande mbili zielewane. Atupele hajui kusoma. Akiweka dole gumba pale chini, dole lile halina nguvu. Dole likikosa nguvu, mkataba ni batili. Mkataba ukiwa batili, hakuna ajira. Na kama hakuna ajira, Hasheem, kisheria hukumwona.

— Kisheria nimemwona na gambuti.

— Gambuti si ushahidi.

— Sikilizeni sasa, alisema Satelaiti, akisogea hadi ukingoni mwa benchi. Mnajua kwa nini wamemchukua yeye hasa? Juu ya ule mkanda wa kuchambulia kuna kamera. Nimeiona. Kamera inatazama vidole vyake tu. Zile video zinatumwa Uholanzi, na huko kuna roboti linajifunza. Likihitimu, wafanyakazi wote wanarudi nyumbani, meneja na mlinzi pamoja.

— Mungu wangu, alisema Dokta. Na roboti lenyewe litaitwa Atupele.

— Basi adai haki miliki! Katiba alipiga goti lake. Hapo ana kesi. Hapo hata mimi nitamwakilisha.

— Litaanza kusambazwa dunia nzima, alisema Satelaiti. Unaenda Japani unakuta Atupele elfu kumi wanachambua samaki.

— Na wote wanasalimia kwa Kinyakyusa, "mugonile"! alidakia Dokta.

Wakacheka hadi mkaa ukacheza kwenye jiko. Bi Suad alisubiri wapumue.

— Nyie watatu, alisema, kwanza mmesema hawezi kazi. Sasa mnasema roboti la Ulaya linasoma kwake. Chagueni moja.

Dokta akatoa parachichi kubwa mfukoni, alilonunua njiani kwa ajili ya mchana, akalilaza mapajani.

— Hakuna anayesema ni mtoto mbaya, alisema kwa sauti ya upole. Tunamhurumia. Pale ghalani ni haraka haraka, watu wanapiga kelele. Hapa tulikuwa tunamlea.

— Tulikuwa tunamlea kabisa, alikubali Katiba.

Neno hilo lilimchoma Bi Suad mahali fulani, kwa sababu lilikuwa neno lake. Miezi miwili nyuma msichana mmoja aitwaye Winfrida alikuja hapa na mkoba begani. Alisema anafanya kazi na kikundi kinachowatafutia ajira watu waliochelewa kujifunza, kisha kinakaa nao kazini mpaka wazoee. Alimwulizia Atupele. Na Bi Suad alimjibu: "Huyu hawezi, mwanangu. Mtamwumiza bure. Hapa tunamlea." Nusu ya maneno hayo aliyasema kwa mapenzi, angeweza kuapa. Nusu nyingine ilikuwa ndoo nne za maji kila siku kutoka bombani, kile kilima chote, na magoti yake ya miaka hamsini na nane.

Bajaji ikasimama mbele ya duka la vitenge. Akashuka Winfrida na mkoba wake, na nyuma yake akashuka Atupele, aproni ya kijani imekunjwa vizuri chini ya kwapa. Akapiga goti kidogo mbele ya benchi, kama alivyofundishwa na mama yake mdogo.

— Mugonile.

— Ndaga, ndaga, mwali, alijibu Katiba, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akasogea kuacha nafasi.

Atupele hakuiona nafasi. Macho yake yalikwenda kwenye ndoo, na mikono ikafuata. Bi Suad akaivuta ndoo nyuma ya kigoda chake.

— Leo wewe mgeni. Kaa.

Atupele akatazama benchi kwa muda, kama mtu anayetazama kiti cha mkuu wa wilaya. Miaka kumi na moja hakuwahi kulikalia. Akakaa pembeni kabisa, karibu na Dokta, na Bi Suad akamletea kahawa kwa mikono miwili.

— Haya, tueleze, alisema Satelaiti. Unafanya nini kule?

— Nachambua. Yenye tundu, kulia. Yaliyolainika, chini. Mazuri yanapita. Atupele alisema taratibu, akionyesha kwa mkono kila upande. Kisha akatazama mapaja ya Dokta. Hilo bovu.

— Lipi? Hili? Nimelinunua sasa hivi! Parachichi la kutoka Ikuti hili, tazama linavyong'aa.

Atupele akaweka kidole gumba karibu na kikonyo, hakubonyeza hata kidogo, aligusa tu.

— Bovu ndani.

— Binti, mimi ndiye daktari wa mimea hapa.

— Kata, alisema Bi Suad, na akampa kisu.

Dokta akakata. Ndani lilikuwa jeusi kama sufuria la bwenini. Satelaiti alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali, na Atupele naye akacheka, kisha akamwambia Dokta kwa huruma ya kweli:

— Pole. Linang'aa kweli.

Winfrida akaeleza yaliyobaki. Haikuwa rahisi, alisema. Wiki ya kwanza alisimama naye kwenye mkanda bega kwa bega. Walichora alama tatu za rangi kwenye makreti. Walifanya mazoezi ya safari ya asubuhi mara sita, mpaka Atupele akaijua bila yeye. Siku ya tatu king'ora cha mapumziko kililia, Atupele akaziba masikio, akatoka getini, akaanza kutembea barabarani kurudi Tukuyu kwa miguu.

— Mkamkamata? aliuliza Katiba.

— Nikatembea naye. Tulifika karibu nusu ya njia ndipo akaniambia kazi anaipenda, ila king'ora hakipendi. Tukarudi, nikaongea na msimamizi. Sasa upande wetu hakuna king'ora. Msimamizi anapunga kitambaa.

— Cha njano, alisema Atupele.

— Cha njano. Na wenzake wanasema hata wao hawakukipenda kile king'ora, waliogopa kusema tu.

Kisha Winfrida akafungua mkoba, akatoa karatasi. Wiki tatu za majaribio zinaisha kesho, alisema. Meneja anataka kumpa mkataba wa mwaka mzima, lakini ofisi kuu inadai fomu moja: taarifa za mwajiri wa awali. Bila hiyo hawasogei.

— Ndiyo nimekuja kwako, Bi Suad.

— Kwangu? Mimi si mwajiri.

— Alikuja kazini hapa kila siku miaka kumi na moja. Kama si wewe, ni nani?

Neno mwajiri lilimkaa Bi Suad kifuani kama kiazi cha moto. Kwenye maisha yake aliitwa mjane, mama kahawa, binti wa muuza chumvi. Mwajiri hakuwahi kuitwa.

— Uliza basi, alisema.

Winfrida akaweka karatasi gotini.

— Kazi alizokuwa akifanya?

— Kuosha vikombe. Kuchota maji, ndoo nne. Kuwasha mkaa. Alijua kila mteja anakunywaje: huyu chungu, huyu nusu kikombe, yule asipewe zaidi ya viwili, moyo unamwenda mbio.

— Huyo ni mimi, alisema Katiba. Andika pia alinichukulia gazeti, kila siku. Na siku ya soko alinibebea mkungu wa ndizi mpaka nyumbani. Mkungu mzima, si chane.

— Na dukani kwangu? Dokta akainuka nusu. Kufagia asubuhi. Kupanga chupa za dawa kwa rangi za vifuniko, na hakukosea hata siku moja. Mimi mwenye duka nimewahi kukosea. Andika hilo, binti. Usiandike la mimi kukosea.

— Mimi Ijumaa nikienda kuswali alikuwa ananilindia kibanda, alisema Satelaiti. Simu za watu zimejaa pale. Haijapotea hata chaja. Siku moja mteja akataka kuchukua simu bila kulipa ufundi, Atu akaikalia. Nimerudi namkuta ameikalia!

— Ilikuwa ya moto, alisema Atupele.

Nafasi ya majibu ilikuwa na mistari mitatu. Winfrida aliijaza, akaandika pembeni, kisha akageuza karatasi nyuma. Wazee wale, ambao nusu saa iliyopita hawakuona kazi anayoiweza mtu huyu, walikuwa sasa wanagombania kalamu, kila mmoja akihofia kazi zake zisisahauliwe.

— Kuwahi kazini?

— Ananikuta sijafika, alisema Bi Suad.

— Uaminifu?

— Asilimia mia, alisema Satelaiti.

— Mia na moja, alisema Katiba, ingawa sheria hairuhusu.

— Sababu ya kuacha kazi?

— Amepata kazi, alisema Bi Suad, kisha akasikia alichokisema.

Winfrida akatabasamu, akaandika. Akafika mstari wa chini.

— Mshahara wake wa mwisho hapa ulikuwa kiasi gani?

Katiba akakumbuka kwamba miwani yake ina vumbi. Satelaiti akatazama simu iliyozimika. Dokta akalifunika vizuri parachichi lake bovu, nusu juu ya nusu, kana kwamba lingepona.

— Hata kwa kukadiria, alisema Winfrida. Hakuuliza kwa hila. Alikuwa anajaza fomu tu.

— Kashata, alisema Atupele.

Wote wakamgeukia.

— Kashata mbili. Na Ijumaa pilau, Bi Suad akipika. Alifikiri, akakunja vidole moja moja, maana hakutaka kumsahau mtu. Dokta alinipa kofia. Ina picha ya nyanya. Satelaiti alinipa simu ya kuchezea, haiwaki. Na Mzee Jairo alinipa ndaga.

— Ndaga ni kiasi gani? aliuliza Winfrida, ambaye kwao ni Njombe.

— Ni asante, alisema Katiba kwa sauti ndogo. Ni kusema asante.

Winfrida akatazama karatasi, akatazama benchi.

— Niandike hivyo?

Dereva wa bajaji akapiga honi. Hatimaye Katiba akainama mbele, kwa sauti ya mtu anayezungumza nje ya kumbukumbu za mahakama.

— Weka elfu sitini kwa mwezi. Nani atakuja kuhesabu?

— Sikupewa elfu sitini, alisema Atupele.

Hakulalamika. Alisema kama alivyosema kuhusu parachichi.

— Andika alivyosema yeye, alisema Bi Suad. Yote. Na kofia. Mwajiri ni mimi, nitasaini mimi.

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kalamu, akasaini polepole, jina lote mpaka la babu. Alipomrudishia Winfrida karatasi hakuiachia mara moja. Alimtazama Atupele.

— Huyu dada alipokuja kukuulizia, mimi nilimwambia huwezi.

— Najua, alisema Atupele. Nilikuwa naosha vikombe hapo hapo. Nilisikia.

— Ulisikia?

— Kisha ukaingia duka la vitenge. Mimi nikamwambia naweza.

Akamaliza kahawa yake, akainuka, akaikung'uta aproni na kuivaa kabla ya kupanda bajaji, ingawa Kyimo ilikuwa bado mbali. Katiba akamwita kwa nyuma:

— Kazi njema, mtoto!

Atupele akatoa kichwa nje.

— Mimi si mtoto. Nina miaka ishirini na tisa.

Bajaji ikaondoka, na kwa muda benchi likawa kama darasa lililokemewa.

Habari ilifika Jumatatu, na bila shaka aliyeileta ni Satelaiti. Mkataba umesainiwa. Walimsomea mstari kwa mstari, polepole, Winfrida akiwa pembeni, na kila walipofika mahali pasipoeleweka Atupele alisema "rudia", wakarudia. Kisha akaweka dole gumba, na Katiba alipoulizwa kama dole hilo lina nguvu alisema lina nguvu kabisa, mwenye shaka aje kwake.

— Na fomu yetu? aliuliza Dokta.

— Meneja ameisoma mara mbili, alisema Satelaiti. Akauliza huyo mwajiri anayelipa kwa kashata yuko wapi, maana anataka kujua kama nafasi bado ipo.

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungukiwa na kitu, kama chai isiyo na sukari. Bi Suad alikuwa anamimina. Dokta akaweka hesabu yake sawa kwa ajili ya roho yake mwenyewe:

— Kashata mbili kila siku, miaka kumi na moja. Jumlisha pilau. Si haba, jamani. Ni maelfu ya kashata.

— Kila siku zilikuwa mbili kweli, Bi Suad? aliuliza Satelaiti.

Bi Suad angeweza kunyamaza. Alisimamisha birika.

— Siku za mvua ilikuwa moja, alisema. Wateja wanakuwa wachache.

Benchi zima likatazama chini. Na kati ya wazee wote wale, pamoja na sheria zao na satelaiti zao, hakuna aliyethubutu kuuliza hapa Tukuyu mvua hunyesha siku ngapi kwa mwaka.